Wali Baridi wa Ramadhani

Ifrah, hooyo,

Umeketi chumba cha pili, mikono umeinyoosha mbele, imejaa hina mpaka karibu na viwiko. Huwezi kushika kikombe wala kujikuna pua. Mama zako wadogo wanakulisha tende kama kifaranga na kukucheka, nawe unapiga kelele, "Hooyo, njoo uniokoe!" Sikuja. Nimerudisha mlango wa jikoni, nimekalia mtungi wa maziwa nilioupindua, naandika.

Neno hilo ndilo nitakalolikosa kuliko yote. Wewe unaniita hooyo, mama, nami nakuita hooyo vilevile, kama ilivyo kwetu, hata mgeni asijue nani amemzaa nani. Kesho baada ya sala ya alfajiri gari litakuja kukuchukua wewe na Yusuf wako, mliokaa hapa mjini tangu mwoane, mhamie Takaba, nyumbani kwa mama yake, na nyumba hii itabaki na hooyo mmoja tu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali tulikisema tu, kukiandika hatukufundishwa. Niliishia darasa la sita, lakini muulize yeyote niliyesoma naye hapa Garissa: insha yangu ndiyo iliyosomwa mbele ya darasa, na mwalimu akasema huyu msichana ana mkono. Mkono huo sasa huandika juu ya mitungi, haya ya leo, haya ya jana. Si haba. Hakuna mtu aliyewahi kunirudishia maziwa ya ngamia sokoni akasema yamechacha. Hakuna.

Unaona? Hata kwenye karatasi nimeanza. Ndiyo maana sikutaka kukuambia haya kwa mdomo. Mdomo wangu unaujua, kila jambo zito likipita hapo hutoka limekuwa sifa au mzaha, nawe ungecheka useme, hooyo, umeanza tena, na gari lingeondoka.

Sitakuambia jinsi ya kukaa na mama mkwe wala jinsi ya kupika anjera, ule mkate wetu wa kumimina, isishike kikaango. Anjera yako ni nzuri kuliko yangu, na hilo sitalisema mbele ya watu. Nataka kuzungumza juu ya vile vidonge ulivyovificha ndani ya soksi, kwenye begi jeusi. Yusuf anadhani ni vya vidonda vya tumbo. Nami nilikuwa jikoni siku uliyomwambia hivyo, nikasikia, nikaendelea kumimina chai.

Juzi mama yake alipopiga simu, wewe ulikuwa nje unaanua nguo. Sauti yake ilijaa nyumba nzima. "Mleteni huku! Maji ya Garissa ni ya mto, yanalegeza. Maji ya kisima chetu yatamshikisha mimba. Ramadhani ikifika atakuwa mikononi mwangu, nitaona mwenyewe hali yake." Nikacheka naye, nikasema inshallah, mama Yusuf, inshallah. Nilipokata simu nilihisi kama mtu amenifungia ndani ya nyumba ambayo nilitoka zamani.

Kwa sababu najua maana ya kuonwa hali wakati wa Ramadhani.

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliishi kwa bibi yako, mama wa baba yako. Boma moja, wanawake wengi, jiko moja. Na wewe unalijua jiko la Ramadhani. Mwanamke aliye katika siku zake hafungi, anakula huko nyuma kimya kimya, halafu atalipa mfungo baadaye. Hatangazi, lakini wenzake wote wanajua, na mama mkwe anajua siku za wakaza wanawe kuliko anavyojua siku za soko. Mimi sikula hata mara moja. Nilifunga mwezi mzima, tangu mwandamo hadi mwandamo. Siku zangu zilikuwa zimekatika kitambo, nikadhani ni ndoa, ni joto, ni uchovu wa kubeba maji. Sikujua kama ni ugonjwa. Lakini kujisifu nilijua. Nilisema mbele ya wote, "Wallahi, mimi sijaacha hata siku moja!"

Bibi yako akaweka chini mwiko wake. Akanitazama tumboni, akaanza kutabasamu. Mwanamke kijana anayefunga Ramadhani nzima ana nini, kama si mimba? Sikukusudia hivyo. Lakini sikumkatalia, kwa sababu ile tabasamu ilikuwa ya kwanza kunipa. Siku ya Idi alichinja mbuzi, akaita wake za ndugu wote. Hooyo, nilikula nyama ya mbuzi wa mimba ambayo sikuwa nayo, tena niliomba niongezewe mchuzi.

Miezi ikapita na tumbo liko vilevile. Siku moja akanisimamia mlangoni, mkono kiunoni. "Naa, wewe! Ule mfungo ulikuwa wa nani?"

Basi Ramadhani iliyofuata niliamua kwamba nitakuwa na siku zangu, zije zisije. Asubuhi moja, katikati ya mwezi mtukufu, mzima wa afya, bila udhuru wowote, nikaingia jikoni nikachukua anjera na chai, nikaketi mahali ambapo kila mtu ataniona. Wifi yangu akanipigia makofi. "Karibu, abaayo, dada yangu! Kumbe na wewe una damu? Sisi tulidhani una chai." Wakacheka. Nikacheka. Chakula cha mchana wa Ramadhani usio na udhuru hakishuki, Ifrah. Kinasimama hapa kooni, unakisukuma kwa chai, kinarudi. Nilikula hivyo siku kadhaa, na bibi yako akapita akaniona, akasema kwa upole, "Sawa. Kisima kina maji. Tutangoja."

Nikaona nimejiokoa. Kumbe nilikuwa nimekomea mlango kwa ndani. Mwanamke anayeona siku zake sawasawa ana ugonjwa gani wa kupelekwa hospitali? Kila nilipotaka kusema kuna kitu hakiko sawa mwilini mwangu, uongo wangu mwenyewe ulinijibu kabla ya mtu mwingine. Ilibidi kila mwezi nijifanye. Kila mwezi niache kuswali siku kadhaa ili nionekane, nikiwa nimekaa pembeni ya mkeka na wenzangu wameinama. Hilo linaniuma hata kuliko anjera.

Kisha yakaja maziwa. Sijakuambia habari hii na sijui kama kuna binti anayetaka kuijua juu ya mama yake. Kifua changu kilianza kutoa maziwa na sina mtoto. Mganga mmoja aliniambia kwa siri kwamba kuna mtoto wa jini ananyonya usiku, akanichoma moto mahali pawili ubavuni, alama unazijua, nilikuambia ni sufuria. Nilijifunga kitambaa kifuani nikaenda sokoni. Fikiria, hooyo: nauza maziwa ya ngamia mchana kutwa na kuficha yangu. Siku moja yakapenya. Mteja mmoja akaniuliza bila ubaya, "Mtoto wako ana miezi mingapi?" Nikamwambia sina mtoto. Hakucheka wala hakusogea nyuma. Akasema, "Basi, dada, funga mitungi yako uende hospitali leo."

Daktari alinieleza kwamba chini ya ubongo kuna kitezi kidogo kama punje ya maharagwe, na changu kilikuwa kinatoa homoni kupita kiasi, kinauambia mwili kwamba ninanyonyesha. Na mwili unaonyonyesha haufungui mlango wa mimba. Haikuwa jini wala hasira za bibi yako. Akasema dawa ipo. Akasema pia, "Kwa nini hukuja mapema? Tangu lini hupati hedhi?" Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikasema kweli, kwa mtu nisiyemjua jina.

Lakini dawa ilitaka kurudi hospitali mara kwa mara, na kurudi kulitaka baba yako ajue. Nikamwambia. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema asiyesema sana. Alisikiliza yote, kitezi, maziwa, homoni, kichwa chini. Halafu akauliza jambo moja tu. "Miaka yote hii, Ramadhani ulikuwa unakula bure?"

Hakuniuliza kama naumwa. Hakunifukuza wala hakuoa mke wa pili, ingawa mama yake alikwisha kumtafutia. Dawa ilifanya kazi, siku zangu zikarudi, zile za kweli, na nikalia kwa furaha chooni kama mwendawazimu. Ukazaliwa wewe, mwenye nywele kichwa kizima, mzito kuliko watoto wote wodini. Muulize nani? Niulize mimi. Lakini tangu siku ile mpaka anakufa, nikimwambia baba yako jambo, hata kwamba mvua inanyesha, alikuwa anainuka na kwenda mlangoni kutazama.

Ningekupa yote niliyo nayo usiolewe na mtu anayekwenda mlangoni kutazama.

Sasa niambie, mtu aliyepita njia hiyo, angekosaje kuona nyayo za mtoto wake kwenye njia ileile? Mimi nilikosa. Ulikuwa sekondari, bweni, Ramadhani zote unafunga bila kuacha hata siku, nami nikalibeba hilo mpaka sokoni kama mtungi kichwani. "Wangu hafungui! Wengine wanatafuta visingizio, wangu hafungui!" Mama Shukri wa nyanya akanitupia jicho. "Hafungui? Msichana wa miaka kumi na saba? Naa, na siku zake zinakwenda wapi?" Nikamwambia ana wivu kwa sababu wake walifeli dini. Sikulala vizuri siku ile, lakini asubuhi nikajisifu tena. Nilitaka iwe ucha Mungu. Nilitaka sana iwe ucha Mungu. Na ndevu zile tatu nne ulizokuwa unazing'oa kidevuni mbele ya kioo, nikasema umerithi kwa babu, mtu shujaa.

Ulipoolewa nami nikakuletea mafuta ya nundu ya ngamia na samli asubuhi na jioni ili upendeze, unene ukapanda, siku zako zikazidi kupotea. Daktari yule kijana wa kike alipoangalia vipimo akatuambia homoni zako hazijakaa sawa, ya kiume imezidi kidogo, mayai yanaanza kukua kisha yanasimama njiani. Nikadhani ni ugonjwa wangu. Nikasema, nipe zile dawa nilizokula mimi. Akacheka kwa adabu. "Mama, homoni si viatu vya kurithishana. Shida yake si yako." Halafu akaniambia nipunguze samli. Nikamjibu, unajua nilivyomjibu, "Daktari, unataka niwapelekee wakwe fimbo?" Ulikuwa unaona aibu, ukaangalia dirishani. Lakini neno alilolisema baadaye nimelishika, nawe lishike: hakusema tasa. Alisema safari ndefu. Vidonge, kutembea, uvumilivu, na kurudi kupimwa. Pengine haraka, pengine si haraka. Hakuapa, na nilimpenda kwa kutoapa.

Sasa nafika pale nilipokuwa naogopa kufika.

Ramadhani iliyopita nilikuja kwenu mchana kukuletea maziwa ya kufuturia. Yusuf alikuwa dukani. Mama zake wadogo wawili walikuwa wamekuja kutoka Takaba, wamelala chumbani. Nilisukuma mlango wa jikoni ukagoma, kwa sababu wewe ulikuwa nyuma yake. Nilichungulia pale kwenye bawaba. Ulikuwa umechuchumaa na bakuli la wali wa jana, wali baridi, unakula kwa mkono na machozi yanaingia bakulini. Ulipitisha bakuli lile makusudi mbele ya chumba cha wageni, nilijua, kwa sababu kijiko kilikuwa kimeanguka kwenye kizingiti chao. Na nilijua hukuwa na siku zako. Tulikuwa tumetoka kwa daktari juma lile.

Nilirudi na maziwa yangu. Niliyamwaga njiani, mimi, ninayejivuna kwamba sijamwaga tone. Nani alikufundisha, Ifrah? Mimi sikukusimulia. Hakuna aliyekusimulia. Nilidhani ule mlango nimeuvunja ili wako usijengwe, kumbe kila bibi harusi anaukuta umekwisha kusimamishwa, unamngoja.

Tangu siku ile nimetafuta namna ya kusema. Nikikuambia nimekuona, utaona aibu unichukie. Nikimwambia mama yake, nimekuuza. Nikimwambia Yusuf, unaijua mila yetu: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawakai chumba kimoja, sembuse kuzungumza mambo ya hedhi. Kila nilikogeuka kulikuwa na ukuta, na kila ukuta unaitwa adabu.

Leo alasiri, mlipokuwa mnaanza hina, Yusuf alikuja kuchukua lile sanduku la nyama ya kukaanga niliyokutengenezea. Nikasimama jikoni, yeye nje ya mlango. Mimi niliutazama mtungi, yeye akatazama sakafu.

"Yusuf," niliuambia ule mtungi.

"Naam, eeddo," akaijibu sakafu. Shangazi. Ana adabu kijana huyu, nilichagua vizuri.

"Nitakusimulia jambo langu mimi. Si la mtu mwingine. Ukimaliza kusikia, chukua sanduku uende."

Nikamsimulia. Mbuzi, anjera, wifi, miaka, na namna baba yako alivyokuwa akienda mlangoni kutazama mvua. Maziwa ya kifuani sikumwambia, kuna mpaka. Kuhusu wewe sikutamka hata herufi. Nilisema tu, "Nilifanya hivyo kwa sababu hakukuwa na mtu wa kusimama kati yangu na jiko lile. Mume alikuwepo, lakini hakujua, na mimi ndiye niliyehakikisha hajui." Hakuna mama mkwe kutoka hapa hadi Mandera aliyewahi kusema maneno hayo kwa mkwe wake. Hilo nalo nitajisifia siku moja, si leo.

Hakuchukua sanduku. Kisha akasema polepole, bado kwa sakafu:

"Eeddo. Ramadhani iliyopita, Ifrah alikula siku saba."

Ningeweza kusema, ndiyo, wanawake wana siku zao, wewe unajua nini. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza, na hili lilishuka.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Na ukimuuliza, usimuulize habari ya Ramadhani kwanza. Muulize kama anaumwa."

Akasema, "Nimesikia." Akanyanyua sanduku akaenda. Sikuuona uso wake, kwa hiyo siwezi kukuambia ulikuwaje. Ningedanganya nikisema najua atakavyolipokea. Anaweza kukasirika. Anaweza kwenda kwa mama yake. Siwezi kukuahidi kitu, na unajua napenda kuahidi.

Lakini atakuuliza. Labda mtakaposimama Wajir kuswali, labda mbele ya hapo, barabara ikiwa tupu na dereva anaongea na simu. Nawe utataka kujibu, "Zilikuwa siku zangu." Ni maneno matatu tu. Niliishi ndani yake miaka, hayana dirisha.

Mwambie hapana. Mtolee ile soksi umwonyeshe vidonge. Homoni ni neno la kawaida, watu hawafi wakilisikia. Na Ramadhani ikifika kule Takaba, kama mwili wako haujarudi kwenye mwendo wake, funga mwezi wote, kwa sababu ni wajibu wako na si tangazo la mtu. Mama yake akianza kutabasamu na kutafuta mbuzi, Yusuf ndiye amwambie amwache mbuzi aishi. Akishindwa yeye, sema wewe. Akikutukana, anitukane na mimi. Mpe namba yangu. Nimekaa na mama mkwe mkali kuliko yeye, tena nikiwa mwongo. Wewe utakuwa unasema kweli, utanishinda.

Siku zangu zile za uongo nimezilipa zote, na zaidi, na bado kila Alhamisi nafunga. Uliwahi kuniuliza kwa nini. Nilikuambia napunguza unene. Zako saba zilipe kabla mwezi haujaandama. Nikijua siku utakayoanza, nami nitafunga huku, ukifungua kwa tende nifungue kwa tende.

Wananiita. Mama yako mdogo anasema hina imekauka na nije kuiona kabla hujaiosha. Nakuja. Barua hii naiweka kwenye soksi ileile, pamoja na vidonge, uikute ukitafuta kidonge chako kabla ya safari. Nitasema kwamba tangu Garissa iwe mji haijatokea hina iliyoshika rangi kama hii, nawe utaguna, hooyo, umeanza tena. Guna. Kisha nenda kaoshe mikono yako.

Mimi hooyo wako, nisiyerudishiwa maziwa na mtu yeyote.